Mama Domitille Ndaya, Aliyetaka Kujua Watu Wanaangalia Nini

Marehemu hakupenda sifa za kilio. Alizoea kusema kwamba mtu akifa Kolwezi anakuwa mwema ghafla, na kwamba wema huo ungemfaa zaidi kama angeupata akiwa hai. Kwa hiyo wasifu huu utasema yaliyokuwa, pamoja na kosa lake moja kubwa. Bila kosa hilo hamwezi kuelewa kwa nini wanawake wa Musonoi wameketi leo mstari wa mbele pamoja na watoto wa familia, na kwa nini hakuna aliyethubutu kuwahamisha.

Domitille Ndaya Kalumba alizaliwa Dilolo, mpakani na Angola, siku ya Alhamisi tarehe 9 Machi 1967. Alikuwa mtoto wa pili wa Tata Kalumba Mukuna, mwenye asili ya Kabongo, na Mama Marthe Mwamba. Alibatizwa mwaka huohuo katika kanisa la Wamethodisti. Baba yake alifanya kazi stesheni. Yeye ndiye aliyevuta vyuma vya kubadilishia treni njia, hii ipite, ile ingoje. Vita vya Angola vilipozuia treni zilizotoka pwani, vyuma vikaota kutu, na mwaka 1976 Tata Kalumba akaileta familia Kolwezi, akapata kazi katika karakana ya mgodi.

Mwezi wa Mei 1978 vita viliingia mjini. Tata Kalumba, aliyekuwa amekwama kazini, alivuka mji mzima kwa miguu kurudi kwa watoto wake. Alifika na kiatu kimoja. Aliyoyakuta njiani hakuyasema siku ile, wala siku nyingine yoyote. Alirudi kazini kama kawaida. Hakupiga mtu, hakunywa pombe. Lakini kila jioni alinawa mikono, akaketi kwenye kigoda chake kando ya ukuta wa jiko, akatazama mbele bila kusema neno mpaka aitwe kula bukari, ugali wa kwetu.

Jirani mmoja alisema amerogwa. Mwingine alisema ni kiburi cha watu wa reli. Shemasi mmoja, ambaye hatutamtaja kwa kuwa naye ameshatangulia, alisema ni dhambi iliyofichwa. Kila mtu alikuwa na jina la jambo lile, na hakuna aliyekuwa na swali. Aliyekuwa na swali ni binti yake wa miaka kumi na mmoja, na swali lenyewe lilikuwa fupi: tata anaangalia nini?

Alimuuliza, hakujibiwa. Basi akachukua kigoda chake, akakiweka ubavuni mwa baba yake, si mbele yake, ili macho yake yaone yaleyale. Aliona ukuta wa jirani, majani ya muhogo, yaani sombe, kamba ya nguo, na mjusi. Siku ya kwanza aliwaambia ndugu zake kwamba tata anaangalia mjusi. Kesho yake alimfukuza mjusi ili ahakikishe, na macho ya baba yake hayakumfuata. Akakata majani ya sombe, bado. Siku iliyofuata akazishusha nguo zote kutoka kwenye kamba, akaziweka udongoni.

"We Domi!" mama yake alipiga kelele. "Manguo yangu inafanya nini mu bulongo?"

"Mama, niko naangalia kama tata anaangaliaka manguo."

"Na kama anaangaliaka?"

"Basi tutajua."

"Tutajua nini? Ufule yote tena, kiisha utajua!"

Alizifua. Lakini jioni alirudi kuketi palepale, na mama yake, aliyekuwa mkali lakini si mjinga, hakumwondoa tena. Waliketi hivyo miaka mingi, baba na binti, bila maneno. Tata Kalumba alifariki mwaka 1989, na swali la mjusi likabaki bila jibu.

Domitille alisoma shule ya msingi na ya sekondari hapa Kolwezi, akapata diploma ya Serikali ya uuguzi mwaka 1987. Hakuwa wa kwanza darasani, na yeye mwenyewe asingependa tuseme uongo juu ya hilo. Walimu walilalamika kwamba aliuliza maswali mpaka kengele ikapigwa somo halijaisha. Miaka mingi baadaye, akiwa mke na mama, alikwenda Lubumbashi kusomea afya ya jamii katika chuo cha juu cha tiba, akahitimu mwaka 1999. Alipenda somo lile kwa sababu, kama alivyosema, lilikuwa somo la kwanza ambamo mtu anaruhusiwa kuuliza kwa nini jirani haugui.

Tarehe 22 Agosti 1992 alifunga ndoa kanisani na Tata Stanislas Ntambwe, karani wa ghala, baada ya mahari kulipwa na wazee kuridhika. Tata Stanislas amekubali tusimulie jinsi walivyochumbiana. Siku ya kwanza alipomtembelea, aliwekewa kiti, naye Domitille akapewa kiti cha kumkabili, kama heshima inavyotaka. Binti akainuka, akakichukua kiti chake, akaja kuketi kando ya mgeni, wote wawili wakawa wanatazama mlango.

"Nilizania ananikatala," Tata Stanislas amesema mara nyingi. "Nikauliza: mamu, mbona unaachia batu bote kuniona uso, weye peke yako haunioni? Akanijibu: nataka kwanza nione bitu unaona weye."

Walioana, wakaonana uso kwa uso miaka thelathini na miwili, na Mungu aliwabariki watoto watatu.

Kazi yake ilianzia katika kituo cha afya cha mjini, akipima watoto uzito na kuchoma sindano. Hapo aliwaona wanawake waliokuja wiki baada ya wiki na kichwa kinachogonga, moyo unaoruka, usingizi uliokimbia. Wauguzi wenzake waliwaita wagonjwa wa bure, wakawapa vidonge vya kichwa na kuwacheka walipotoka. Domitille hakucheka. Alitambua alama za jambo alilolijua tangu kigodani. Na hapa ni lazima tuseme wazi, kwa kuwa wengi wenu mna mtu wa namna hiyo nyumbani: kumwita mgonjwa mchawi, au mvivu, au mwenye pepo, kwa sababu tu ugonjwa wake hauna kidonda, ni dhambi, na wanaoifanya huimba kwa sauti kubwa kuliko wote kanisani.

Mwaka 2006 alihamia ofisi ya zoni ya afya, na huko akawa mtafiti. Mwaka 2017 chuo kikuu kimoja kiliamua kupima afya ya akili ya watu wanaoishi kando ya mashimo ya shaba na kobalti. Mkuu wa utafiti alikuwa Daktari Tshibangu, mtu mwema na mwenye haraka, naye akamweka Domitille awe kiongozi wa timu ya Musonoi, kitongoji kilicho kando ya mashimo hayo. Wafadhili walikuwa wameahidi jambo kubwa. Ikionekana kwamba shida ni nyingi, wangelipia kituo cha magonjwa ya akili, pamoja na daktari, dawa na vyumba. Watu wa Musonoi hawakuwahi kuwa na kitu kama hicho. Domitille alikitamani kituo kile kuliko mtu yeyote.

Timu ilipita nyumba kwa nyumba, mtaa baada ya mtaa, ikiuliza: Unalala? Unakula kwa hamu? Moyo unashtuka bila sababu? Umewahi kuona kwamba afadhali usingekuwepo? Na hapa ndipo lilipotokea kosa. Katika utafiti wa chanjo uliotangulia, nyumba nyingine zilihesabiwa mara mbili, na nyingine zikasahauliwa. Domitille hakutaka fujo hiyo. Akaamuru kwamba kila nyumba iliyokwisha kuulizwa iandikwe mlangoni kwa chaki, herufi E, ya enquête yaani utafiti, na namba. Alichagua chaki nyeupe kwa makusudi, maana kila mtu Musonoi alijua kwamba watu wanaokuja kuhamisha nyumba ili shimo lipanuke wanatumia rangi nyekundu. Aliona kwamba amefikiria kila kitu.

Matokeo yalipojumlishwa, Daktari Tshibangu alishika kichwa. Huzuni na hofu zilikuwa nyingi kuliko alivyotazamia. Kituo kilikuwa kama kimeshajengwa. Lakini Domitille alizipanga nyumba kwa mfuatano wa siku zilipotembelewa, akaona jambo la ajabu. Mtaa wa kwanza walilala vizuri kiasi. Wa pili walilala kidogo. Mitaa ya mwisho hakuna aliyelala. Usingizi ulipungua kadiri timu ilivyosonga mbele, kama maji ya bomba yanavyopungua kadiri nyumba ilivyo mbali na tangi.

"Ni vumbi na mabaruti," alisema Daktari Tshibangu. "Bale ba mwisho beko karibu na shimo."

"Hapana, Docteur. Ba kwanza njo beko karibu na shimo. Ba mwisho beko mbali."

"Basi ni njaa."

"Njaa ni moja mutaa yote. Kitu gani kinatembea pamoja na shiye?"

Daktari aliangalia kalenda. Alikuwa na tarehe ya kupeleka ripoti. Domitille alikwenda peke yake mpaka nyumba ya mwisho ya mtaa wa mwisho, kwa mwanamke aitwaye Mama Kanku, muuza makaa, aliyejulikana kwa ulimi wake mkali. Alimkuta ameketi nje, mgongo kwa barabara, uso kwa mlango wa nyumba yake mwenyewe. Hakuna mtu anayeketi hivyo. Watu huketi wakitazama barabara, wapate wa kumsalimu na wa kumsema.

Domitille aliomba kigoda, akakiweka ubavuni mwake, akatazama naye. Aliona mlango wa bati, kufuli, na maandishi ya chaki.

"Mama, uko naangalia nini?"

"Unajua kusoma, haiko? Niko naangalia namba yenu."

"Namba inafanya nini?"

Mama Kanku alimgeukia kwa mshangao. "Unaniuliza miye? Njo weye uliandika! Kwanza chaki, kiisha rangi, kiisha katapila. Kule ngambo nilikaa mbele ilikuwa tu vile. Balikuja bantu bazuri, na bachupa yabo ya maji, banauliza: munalalaka muzuri? Munalalaka muzuri? Mwezi ya pili, nyumba hakuna." Kisha akasema kwa sauti nyingine: "Mi siogope kutoka. Nilishatoka mara ingine. Lakini Dimitri akirudia, atanikuta wapi?"

Dimitri alikuwa mwanawe wa pekee. Alikwenda kuchimba upande wa mgodi wa Mashamba pamoja na vijana wengine, akahamia shimo lingine, kisha lingine, habari zake zikakatika. Alijua nyumba moja tu ya kurudia, ile yenye mlango wa bati.

Domitille aliutazama tena mlango. Sasa aliona kilichotembea pamoja nao mtaa hadi mtaa. Nyumba za kwanza ziliulizwa kabla ya mlango wowote kuandikwa. Nyumba za pili zilikwisha kuona milango ya jirani. Habari ilitangulia timu, na ilipofika mwisho, watu walikuwa hawalali tena. Aliyekuja kupima usingizi wao ndiye aliyeuchukua, na mkono ulioshika chaki ulikuwa wake.

Wengi wanadhani mtu mwaminifu ni yule asiyekosea. Si kweli. Mwaminifu hujulikana siku anapogundua kosa ambalo hakuna mwingine aliyeliona, na ambalo likifichwa litamletea faida. Siku hiyo ilimfikia Domitille, na faida haikuwa ya mfuko wake. Ilikuwa kituo kizima kwa ajili ya wagonjwa aliowahurumia tangu utoto. Alirudi ofisini, akamweleza Daktari Tshibangu. Mazungumzo yao yalisikika mpaka kwenye ukumbi.

"Domi, sikia. Hawa bantu beko na mateso ya kweli ao hapana?"

"Beko nayo."

"Banahitaji kituo ao hapana?"

"Banahitaji."

"Sasa ubaya iko wapi? Chiffre ni chiffre, hesabu ni hesabu!"

"Ubaya ni hii, Docteur: tutaponesha bugonjwa tulileta shiye benyewe, na ile balikuwa nayo mbele, hatutaijua hata siku moja."

"Kituo kitakuwa pale! Bataingia na bugonjwa yoyote bataka!"

"Na siku batajua kama kilijengwa na woga tuliwatia, mutu gani ataingia?"

Daktari Tshibangu yuko hapa leo, na ametuomba tusimwonee haya. Anasema kwamba alikasirika kwa muda mrefu, na kwamba hata leo hana hakika nani alikuwa na haki. Tunamshukuru kwa ukweli wake. Ripoti haikupelekwa. Wafadhili walikwenda mkoa mwingine. Kituo hakikujengwa, na Domitille akaondolewa katika kazi ya utafiti. Watu walimlaumu, na si maadui tu. Ndani ya familia yake pia ilisemwa kwamba ametupa mkate wa watoto wa watu kwa ajili ya unyoofu. Alisikiliza yote, akajibu kwamba huenda ni kweli.

Kisha alichukua ndoo na kitambaa, akarudi Musonoi. Alisimama kwenye kila mlango alioandika, akabisha hodi, akasema: "Ni miye niliandika. Haiko namba ya kutoka. Nilikosa, munisamehe." Akafuta mbele ya wenye nyumba. Wengine walimshukuru. Mzee mmoja alimwambia ni ujanja mpya wa kampuni ya mgodi, kufuta ili watu wasidai. Mwanamke mmoja alimmwagia maji machafu miguuni, naye akasema asante, maana ndoo yake ilikuwa imekauka. Kichekesho hicho kilizunguka Musonoi kuliko maelezo yote, na tangu hapo milango ikaanza kufunguliwa kabla hajabisha.

Alifika mwisho, kwa Mama Kanku. Akachovya kitambaa.

"Acha," alisema Mama Kanku.

"Mama, nilikuambia, haina maana."

"Nilisikia. Siko kiziwi. Ile ya bengine ufute. Hii yangu uache."

"Ju ya nini?"

"Ukifuta, utarudia hapa kufanya nini?"

Domitille alikiweka kitambaa ndani ya ndoo. Alirudi Alhamisi iliyofuata, na Alhamisi nyingine, na karibu kila Alhamisi mpaka alipougua. Mvua ilipoifuta namba, Mama Kanku aliiandika tena kwa kipande cha chaki alichokinunua kwa kusudi hilo, akimtukana marehemu kwamba mwandiko wake ni mbaya. Waliketi ubavu kwa ubavu wakitazama barabara, wakiingojea habari ya Dimitri. Majirani waliona, wakaja na vigoda vyao. Hakuna aliyeitwa mgonjwa. Aliyetaka kusema alisema, na aliyetaka kunyamaza alinyamaza akiwa na mtu kando yake.

Mwaka 2020 zoni ya afya ilimrudisha katika utafiti, mdogo safari hii na bila ahadi ya mfadhili yeyote. Hakuandika mlango wowote. Aliomba mwenye nyumba amsindikize mpaka kwa jirani na kumjulisha, na jirani ampeleke kwa mwingine, mpaka mtaa uishe. Akaona jambo ambalo hakulitafuta. Kila mtaa ulikuwa na nyumba iliyorukwa. Msindikizaji alipofika karibu, alipunguza sauti, akasema: "Pale tupite tu." Ukiuliza kwa nini, utaambiwa mwenyewe ana matusi, au hatoki, au haoni watu. Domitille alijifunza kurudi kwenye nyumba hizo. Huko ndiko alikowakuta wale ambao usingizi wao haukuchukuliwa na chaki, bali na miaka mingi ya kupitwa. Aliandika katika ripoti yake kwamba kabla ya kuuliza mtaa una wagonjwa wangapi, uulizwe kwanza unaruka nyumba gani. Kutokana na ripoti ile kituo cha afya kilitenga chumba kimoja cha mazungumzo na muuguzi mmoja. Dirisha lake halifungiki vizuri. Kipo, na watu wanaingia.

Mwezi wa Februari 2024 alipatikana na saratani ya kongosho. Alitibiwa Lubumbashi, kisha akaomba arudishwe nyumbani. Katika wiki zile alinyamaza. Aliketi kwenye kigoda barazani, akitazama mbele, bila kumjibu mtu. Sisi wadogo zake tunaomfahamu tangu Dilolo tuliona tena jioni zile za ukuta wa jiko, tukaogopa. Nyumba ikajaa watu. Walikaa mbele yake, wakamwombea kwa sauti, wakamhimiza ale, wakamwambia asikate tamaa. Kila mmoja alikuwa na neno. Hakugeuza macho.

Siku moja Mama Kanku alishuka kwenye teksi-moto mbele ya nyumba, akiwa amebeba kigoda chake mwenyewe kutoka Musonoi. Alimwambia Tata Stanislas: "Tata, na heshima yote, utoe hii serikali yote mbele ya mama. Haoni kitu." Watu walitoka wakinung'unika. Akakiweka kigoda ubavuni mwa mgonjwa, akaketi, akatazama alikotazama. Wakakaa hivyo mpaka jua likahama barazani.

"Mama Domi," akauliza mwishowe, "uko naangalia nini?"

Binti wa marehemu, Tatiana, alikuwa mlangoni, naye ndiye aliyetuletea jibu. Marehemu alicheka kidogo, kicheko cha kwanza tangu Lubumbashi, akasema:

"Siangalie kitu, Kanku. Niko nasikia tu kama uko hapa." Akapumua. "Angalia, nilimufukuza mujusi bure. Tata naye hakukuwa naangalia kitu."

Ndivyo swali lake lilivyopata jibu, baada ya miaka arobaini na sita, na alilipata kwa kuketi mwenyewe kwenye kigoda cha baba yake. Tangu siku ile alisema tena na watu, akala kidogo, akawafundisha wajukuu wimbo mmoja wa reli. Hakupona. Tusiseme kwamba alipona. Lakini hakuwa peke yake.

Alipoondoka siku ile, Mama Kanku alitoa chaki mfukoni, akaandika kwenye mlango wa nyumba hii namba yake mwenyewe, ileile ya Musonoi. Alipoulizwa, alijibu: "Basiruke hii nyumba."

Mama Domitille Ndaya Kalumba alifariki nyumbani, mikononi mwa mumewe, asubuhi ya Jumapili tarehe 20 Oktoba 2024, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba.

Ameacha mume, Tata Stanislas Ntambwe, watoto wake Ruffin, Tatiana na Merdi, mkwe wake Jessica, mke wa Ruffin, wajukuu wanne, wadogo zake, mmoja wao Donatien Mukuna anayesoma maneno haya, na rafiki yake Mama Kanku, ambaye familia imeamua aandikwe hapa kati ya ndugu. Dimitri, kama yuko hai na habari hii ikamfikia, ajue kwamba nyumba yenye mlango wa bati bado ipo mahali pake, na mama yake yumo.

Jana, katika kuitayarisha nyumba ya kilio, kijana mmoja alileta maji aioshe milango ili wageni waone usafi. Tata Stanislas alimzuia. Namba ipo. Mvua za mwaka zimeanza, nazo zitaifuta kabla ya Noeli. Wageni watakuwa wamekwisha kutawanyika, na mgane atakuwa ameketi barazani peke yake. Kila aliyekula chakula cha kilio hiki asijivunie machozi ya leo. Apite siku ile na kigoda chake, na akikuta mlango umeoshwa, chaki iko juu ya kizingiti.

Mungu ampe pumziko Mama Domitille, na ile amani aliyokuwa akiwatafutia wengine nyumba kwa nyumba, sasa imkute yeye.